Maswali ya Wasomaji: Kutoka Frankfurt hadi Munich kwa Gari, Bila Haraka

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, nakaa Nyakato, Mwanza, na sekondari niliisomea Ndanda. Mwanangu anafanya kazi Frankfurt, na mwezi Oktoba atahamia Munich kikazi. Ametualika mimi na mama yake twende Septemba, tushukie Frankfurt, kisha turudi nyumbani kwa ndege ya kutoka Munich. Yeye alipendekeza tusafiri kwa treni, ambayo anasema inachukua saa tatu na ushee. Mimi nilimjibu kwamba sikupanda ndege usiku kucha ili niione Ujerumani ikikimbia dirishani. Tumekubaliana akodi gari atuendeshe kwa siku tano. Mke wangu anasumbuliwa na goti, hivyo ngazi nyingi hawezi. Naomba ushauri wa njia, mahali pa kulala, na kama lile kasri jeupe la mlimani linalowekwa kwenye kalenda linastahili usumbufu wake. Je, na mimi naweza kushika usukani kidogo?

Mwalimu Mstaafu, Mwanza

JIBU

Mwalimu, shikamoo. Mfikishie na mama salamu zetu. Goti lake nitalikumbuka katika kila kituo nitakachokitaja.

Njia ya moja kwa moja ya Autobahn, yaani barabara kuu ya kasi, kati ya Frankfurt na Munich ina takriban kilomita 400, na asiyekutana na foleni huimaliza kwa saa nne. Njia nitakayokueleza mimi ina takriban kilomita 600, na kwa kuwa sehemu kubwa yake hupita katikati ya vijiji na miji midogo, wastani wa mwendo ni kilomita 50 au 60 kwa saa. Ukizigawa kwa siku tano unapata kama saa mbili hadi tatu za barabarani kwa siku, na muda unaobaki ni wa kushuka, kutembea na kuketi. Wageni wengi hukosea hapo: huiona ramani fupi, wakaweka miji minane kwa siku mbili, na jioni hawakumbuki mnara upi ulikuwa wa mji upi.

Uti wa mgongo wa safari yenu uwe Romantische Straße, barabara ya kitalii ya takriban kilomita 460 inayoanzia Würzburg, kwenye mto Main, na kuishia Füssen chini ya milima ya Alps. Jina lake wengi hulifasiri kuwa Barabara ya Mapenzi, na maharusi huifuata kwa matumaini hayo. Kwa kweli ilibuniwa mwaka 1950, miaka mitano tu baada ya vita, ili kuwarejesha wageni katika nchi ambayo miji yake mingi ilikuwa bado magofu na jina lake lilikuwa limechafuka. Hakuna lami mpya iliyomwagwa kwa ajili yake. Ni barabara za kawaida zilizounganishwa kwa vibao vya rangi ya kahawia. Ndiyo maana ramani ya simu haiitambui kama njia moja, na ukiandika Munich tu itawarudisha kwenye Autobahn kila mara. Mwambie kijana aweke mji mmoja mmoja kwa zamu na achague kuepuka barabara kuu.

Siku ya kwanza tokeni Frankfurt kwa Autobahn ya A3 hadi Würzburg, kilomita kama 120. Kipande hiki hakina haja ya kupambwa: ni msitu wa Spessart na malori. Kimalizeni asubuhi.

Kwa mtu wa Mwanza, Würzburg si mji wa kupita tu. Miji hiyo miwili ina udugu rasmi tangu mwaka 1966, na katika mambo ya tiba uhusiano huo umefika hadi Bugando. Ukijitambulisha hotelini kwamba unatoka Mwanza, usishangae mtu akikuuliza habari za ziwa. Jengo la kuliona ni Residenz, kasri la maaskofu waliokuwa pia watawala wa nchi hiyo, lililoanza kujengwa mwaka 1720 chini ya msanifu Balthasar Neumann. Mama asiogope ngazi yake kuu, kwa kuwa ni pana, si ya kukweza, na hupandwa polepole huku kila mtu akiangalia juu. Dari yote, zaidi ya mita za mraba 500, ni picha moja iliyochorwa na Mtaliano Giovanni Battista Tiepolo kati ya mwaka 1752 na 1753, ikionyesha mabara manne waliyoyahesabu wakati huo. Tafuteni upande wa Afrika: ni mwanamke aliyeketi juu ya ngamia. Mchoraji hakuwahi kukanyaga bara letu, na inaonekana. Hata hivyo, simameni hapo kwa muda. Usiku wa tarehe 16 Machi 1945 ndege za Uingereza ziliuteketeza mji huu, kasri likaungua, lakini kuba lile lisilo na nguzo katikati, ambalo watu wa zama za Neumann walidhani litaanguka lenyewe, halikuanguka.

Kutoka Würzburg njia huingia bonde la mto Tauber: mashamba ya mizabibu juu, mto mwembamba chini, na vijiji ambavyo barabara yake hupinda kwa kufuata kona za nyumba. Weikersheim ina kasri lenye bustani tambarare kabisa, itakayomfaa mama. Ila mimi nikiambiwa nichague mahali pamoja pa kusimama siku hiyo ya pili, nitachagua kanisa dogo la Herrgottskirche, nje kidogo ya Creglingen. Ndani yake mna altare ya mti wa mlindeni iliyochongwa na Tilman Riemenschneider mwanzoni mwa miaka ya 1500, nayo haikupakwa rangi, hivyo unauona mti wenyewe na kila pigo la patasi. Wewe uliyesoma Ndanda, karibu na wachongaji wa Kimakonde, utakuwa na la kusema kuhusu mikunjo ya zile nguo kuliko watalii wengi. Mchongaji huyo aliwahi kuwa meya wa Würzburg, na baada ya uasi wa wakulima wa mwaka 1525 alitiwa gerezani.

Lala Rothenburg ob der Tauber, na ulale ndani ya ukuta wa mji hata kama chumba ni ghali kidogo. Mchana mji huu hujaa mabasi ya watalii hadi unachukia. Ikifika saa kumi na moja jioni mabasi huondoka, maduka ya mapambo ya Krismasi hufungwa, na mtaa unabaki na wenyeji, mbwa wao na wewe. Gari huachwa kwenye maegesho ya nje ya ukuta, ila mgeni wa hoteli huruhusiwa kuingia kushusha mizigo; mama ashukie mlangoni. Juu ya ukuta kuna njia ya kutembea iliyoezekwa vigae, lakini ngazi zake ni za mawe na wima, basi hapo nenda wewe na kijana. Mtaona majina ya watu yameandikwa kwenye vibao vya mawe, mengine ya Wajapani na Wamarekani. Tarehe 31 Machi 1945 mabomu yalivunja sehemu kubwa ya upande wa mashariki wa mji, ukuta ukabomoka, na baadaye ulijengwa upya kwa michango ya watu waliolipia mita moja moja. Wakati huo mama anaweza kukaa Burggarten, bustani ya tambarare inayotazama bonde lote. Mnunulieni Schneeball mmoja, vipande vya unga vilivyofumbatwa kama mpira, vikakaangwa na kunyunyiziwa sukari. Anayejua visheti vya pwani ataona kwamba mpira huo unavutia macho kuliko ulimi.

Siku ya tatu ni fupi kwa kilomita. Dinkelsbühl, mwendo wa chini ya saa moja kusini, haukubomolewa na vita vyovyote, na mimi naupenda kuliko Rothenburg kwa sababu watu bado wanakaa humo kwa ajili ya maisha yao. Kuleni hapo chakula cha mchana. Nina ukumbusho wangu wa mji huo: niliegesha mahali palipoandikwa bure, nikarudi baada ya supu nikakuta karatasi chini ya waipa. Bure ilikuwa bure kweli, lakini kwa muda maalumu, na dereva hutakiwa kuweka nyuma ya kioo cha mbele kadi ya buluu yenye saa ya kuzungusha kwa mkono, inayoonyesha amefika wakati gani. Kadi hiyo huitwa Parkscheibe na aghalabu imo kwenye kisanduku cha mbele cha gari la kukodi. Sikujua ni kitu gani, nilikuwa nimeitumia kukwangua matope kwenye kiatu.

Jioni hiyo fikeni Nördlingen, kilomita 30 mbele, na hapa ndipo ninapotaka mwalimu wa jiografia apewe muda. Kabla hamjafika, barabara hushuka ghafla kwenye uwanda ulio tambarare kama sinia, umezungukwa na vilima vya msitu pande zote. Mtu wa Tanzania huwaza Ngorongoro mara moja, na hata wanajiolojia, kwa zaidi ya karne moja, wengi wao waliamini kwamba hii ni kazi ya volkano. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker na Edward Chao walipata katika mawe ya hapa madini yaitwayo koesiti, ambayo hutokea kwa mgandamizo mkubwa kupita ule wa volkano yoyote, na mjadala ukageuka. Bonde hilo la Ries lilichimbwa na kimondo kilichoanguka yapata miaka milioni 15 iliyopita, likiwa na kipenyo cha takriban kilomita 24. Kimondo chetu cha Mbozi kilitua kikabaki kizima, watu wakaja kukishika kwa mkono. Hiki kilikuwa na upana wa kilomita moja au zaidi, kikajiyeyusha chenyewe pamoja na ardhi. Mwezi Agosti mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 14, Alan Shepard na Edgar Mitchell, waliletwa hapa kujifunza kutambua mawe ya aina watakayoyakuta mwezini.

Mji wenyewe ni duara, na ukuta wake wa kilomita 2.7 huzungukwa wote juu kwa juu bila kushuka. Kanisa la St. Georg limejengwa kwa mawe ya mshindo ule ule, ambayo ndani yake mna almasi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mnara wake, ambao wenyeji huuita Daniel, una urefu wa mita 90 na vipandio 350. Panda, Mwalimu, maana juu ndipo utakapoiona kingo ya shimo yote kwa mzunguko mmoja wa shingo. Mama ataliona jambo lile lile katika jumba la makumbusho la Rieskrater. Na usiku msilale mapema: kuanzia saa nne hadi saa sita, kila nusu saa, mlinzi wa mnara hutoa sauti juu ya mapaa, maneno matatu tu, „So, G'sell, so“. Mitambo ya kengele wanayo, lakini mtu bado anapanda.

Siku ya nne pitieni Harburg, ngome iliyokaa juu ya mto Wörnitz, ambayo hupendeza zaidi ukiitazama kutoka darajani kuliko ukiwa ndani yake, kisha Donauwörth ambako mtauvuka mto Danube, kisha Augsburg. Hapo nendeni Fuggerei, mtaa wa nyumba za maskini ulioanzishwa na mfanyabiashara Jakob Fugger mwaka 1521. Mpaka leo wanaishi humo Wakatoliki wa Augsburg wenye shida, kodi ya nyumba ni senti 88 za euro kwa mwaka ukiacha gharama nyingine, na sharti ni kusali mara tatu kwa siku. Geti hufungwa saa nne usiku, na anayechelewa hulipa kidogo ili afunguliwe.

Ni mahali pa kuheshimiwa, ila kabla hujamsifu sana mwenyewe, kumbuka mwaka 1505. Msafara wa Wareno chini ya Francisco de Almeida, ule ulioshambulia Kilwa mwezi Julai na kuichoma Mombasa mwezi Agosti, ulikuwa na meli tatu zilizogharamiwa na wafanyabiashara wa Kijerumani, wakiwemo Welser na Fugger wa Augsburg. Wakala wa Welser aitwaye Balthasar Springer alikuwemo melini, akaandika aliyoyaona, na mchoraji Hans Burgkmair wa mji huu huu akachonga picha za watu wa Afrika kwa kufuata maelezo hayo. Sijaona kibao kinachosema hivyo Fuggerei. Lala Landsberg am Lech, kilomita 40 kusini, mbele ya mto unaoshuka kwa ngazi katikati ya mji.

Sasa siku ya tano, na swali lako la kasri jeupe. Neuschwanstein lilianza kujengwa mwaka 1869 kwa amri ya mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, naye akafa mwaka 1886 bila kulimaliza. Wiki chache baadaye lilifunguliwa kwa watalii, na halijapumzika tangu hapo. Tiketi ni ya saa na dakika maalumu, na inafaa inunuliwe mapema mtandaoni. Kutoka maegesho ya Hohenschwangau ni kupanda mlima kwa dakika 30 hadi 40, au basi dogo, ambalo huwaacha juu ya kasri mkateremka kwa miguu, au gari la farasi, ambalo huwaacha chini ya lango mkamalizie kwa kupanda. Ndani mtaongozwa kwa takriban nusu saa, mkipanda na kushuka ngazi za mzunguko. Kwa goti la mama, jibu langu ni hapana. Lakini kuna kanisa dogo la St. Coloman, peke yake kwenye uwanda wa nyasi karibu na Schwangau, ambako mtu anaegesha, anashuka, na kasri lote liko mbele yake na milima nyuma, bila tiketi. Njiani kabla ya hapo simameni Wieskirche, kanisa lililojengwa kati ya mwaka 1745 na 1754 katikati ya malisho ya ng'ombe. Kwa nje ni nyumba nyeupe ya kawaida. Ndani, mama atakaa kwenye benchi na hatataka kuondoka. Kutoka Füssen hadi Munich ni saa mbili.

Au, Mwalimu, achaneni na kasri kabisa. Kama robo saa mashariki ya Landsberg iko abasia ya St. Ottilien, chimbuko la wamisionari Wabenediktini waliofika Pugu mwaka 1888, wakashambuliwa huko Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Ina jumba la makumbusho lenye vitu vilivyochukuliwa nchini kwetu. Aliyesoma Ndanda atakuta majina ya mapadre aliowasikia utotoni, na kutoka hapo Munich ni chini ya saa moja. Kama ningekuwa wewe ningekwenda huko, ila uamuzi mwachie mama.

Kuhusu usukani: mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya nyumbani ikiwa ameambatisha leseni ya kimataifa, ambayo peke yake haina nguvu, na jina lako liandikwe kwenye mkataba wa gari kama dereva wa pili, vinginevyo bima haitakuwepo. Anzia bonde la Tauber, si kwenye Autobahn. Huku tunaendesha kulia, kipilefti huzungukwa kinyume cha mwendo wa saa, na katika mitaa isiyo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza hata kama barabara yake inaonekana kama uchochoro. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, mahali pengi 30, na kamera hazina huruma: faini humfikia mwenye gari la kukodisha, naye huongeza ada yake.

Mwambie kijana aulize mapema ada ya kuchukua gari Frankfurt na kulirudisha Munich, kwa kuwa wakati mwingine ni kubwa kuliko kodi ya siku mbili. Na angalieni kalenda: Oktoberfest huanza Jumamosi inayofuata tarehe 15 Septemba, na kuanzia hapo bei za vyumba vya Munich hupanda kupita kiasi. Fikeni kabla yake.

SWALI

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nasoma Augsburg kwa mwezi wa nane sasa. Dada yangu anakuja kunitembelea, na tunataka kukodi gari kwenda hadi Würzburg kupitia hiyo miji ya kale. Leseni yangu ni ya Kenya. Pia tungependa kujua kama chakula cha halali hupatikana katika miji midogo.

Msomaji, Augsburg

JIBU

Dada, bahati mbaya leseni yako imekwisha kazi. Aliyehamia Ujerumani kwa leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda huruhusiwa kuitumia kwa miezi sita tangu siku ya kuanza makazi, na kuongezewa muda hadi miezi kumi na miwili huwezekana tu kwa aliyethibitisha kwamba hatakaa zaidi ya mwaka. Baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na wa vitendo. Hutalazimika kuhudhuria idadi maalumu ya masomo kama anayeanza, na nadharia inaweza kufanywa kwa Kiingereza au Kiarabu. Kwa safari hii mwacheni dada yako aendeshe, kwa kuwa yeye ni mgeni. Awe na leseni ya kimataifa, na kadi ya benki yenye jina lake mwenyewe, maana kadi yako kwa mkataba wake kwa kawaida haitakubaliwa. Kama amezoea otomatiki, aitaje wakati wa kuagiza, kwa kuwa magari mengi ya bei nafuu ni ya gia za mkono.

Kwenye kituo cha mafuta asingoje mhudumu. Hakuna anayekuja. Mtu hushuka, huangalia ndani ya kifuniko cha tangi kama gari ni la dizeli au la petroli, hujaza mwenyewe, huikumbuka namba ya pampu, kisha huingia dukani kulipa. Dada yangu mimi alikaa ndani ya gari dakika kumi na dirisha wazi, mkono nje na noti mkononi, hadi dereva wa nyuma akapiga honi.

Chakula: Würzburg na Augsburg migahawa ya Waturuki na Waarabu ipo ya kutosha, na katika miji midogo aghalabu haukosi mmoja karibu na kituo cha treni au soko. Kuwa mwenye duka ni Mturuki hakutoshi kuwa nyama ni halali, ulizeni, hawachukii. Katika migahawa ya Kijerumani njia salama ni samaki, hasa Forelle wa mito ya huko, au Käsespätzle, tambi fupi za nyumbani zilizopikwa na jibini na vitunguu, ila mseme wazi zisiwekwe vipande vya nguruwe, na muulize kama mchuzi una mvinyo. Jumapili maduka ya vyakula hufungwa, hivyo nunueni Jumamosi. Chupa ya chai ya moto haijawahi kumwangusha mtu wa pwani.

SWALI

Sisi ni familia ya Maskat, wazee wetu walitoka Unguja. Tuna watoto watatu, wa miaka 4, 7 na 10. Tutafika Frankfurt katikati ya Desemba na tunataka kwenda Munich kwa gari kupitia Rothenburg ili watoto waone theluji. Nimezoea kuendesha jangwani na milimani. Je, kuna la kuhofia?

Baba wa watatu, Maskat

JIBU

Ndugu yetu, jangwa na theluji vinafanana kwa jambo moja: anayekanyaga breki kwa ghafla hujuta. Sheria ya Ujerumani haitaji tarehe, inataja hali: barabara ikiwa na theluji au barafu, gari lazima liwe na matairi ya majira ya baridi, na tangu Oktoba 2024 yanayokubaliwa ni yale yenye alama ya mlima na chembe ya theluji tu. Usidhani gari la kukodi linayo. Liandikwe kwenye mkataba, na siku ya kulichukua inama uitazame alama hiyo kwa macho yako. Watoto wote walio chini ya miaka 12 na ambao hawajafika sentimita 150 hutakiwa kuwa na viti vyao, hivyo agiza vitatu, kisha hakikisha kwamba vitatu vinaenea kwenye kiti cha nyuma. Kwenye magari madogo havienei, na utalijua hilo ukiwa uwanja wa ndege na watoto wenye usingizi.

Jua la Desemba huzama kati ya saa kumi na robo na saa kumi na nusu jioni. Mpango niliomwandikia Mwalimu wa Mwanza hauwafai ninyi: fanyeni vituo viwili tu, Rothenburg, ambako wakati huo kuna soko la Krismasi ndani ya ukuta, na Augsburg, na barabara za vijijini mziendeshe mchana. Karibu na Danube kuna ukungu mzito asubuhi. Mkikwama kwenye foleni ya Autobahn, magari ya njia ya kushoto kabisa husogea kushoto na mengine yote husogea kulia, ili katikati pabaki wazi kwa gari la wagonjwa. Fanyeni hivyo mwendo unapoanza kupungua, msingoje king'ora. Kasri la Neuschwanstein hufungwa tarehe 24, 25 na 31 Desemba na tarehe 1 Januari.

Ama theluji, Rothenburg katikati ya Desemba mara nyingi ni mvua na matope. Kama watoto wameahidiwa, teremkeni hadi Füssen na mpande milimani kwa gari la kamba la Tegelberg, ikiwa siku hiyo linafanya kazi. Na mkivutiwa kuvuka mpaka kuingia Austria, ambao uko kilomita chache tu kutoka hapo, nunueni kwanza stika ya ushuru ikiwa mtatumia barabara zao kuu za kasi. Viatu vya watoto vya theluji mvinunue Frankfurt, kabla ya kuondoka.